Ufito Usio na Mafuta

Pale karakana ya vioo jina lake halisi walishalisahau. Walimwita Kosa Langu, naye akaitika. Mvua ikinyesha wakati wa kupakia vioo, mpiga msasa anageuka na kumuuliza, "Kosa Langu, na hii nayo ni wewe?" Chai ikikosa sukari, ni yeye. Umeme ukikatika, wote wanamtazama kwa huruma ya uongo. Yeye alikuwa anacheka pamoja nao, kwa sababu utani huo ulikuwa na chanzo chake, na chanzo chenyewe alikipenda.

Kosa Langu alikuwa mlevi. Sisemi mtu wa kuchangamka kwenye sherehe kisha akalala mapema. Nasema mlevi wa mtaroni, mlevi aliyeuza sufuria za mkewe kisha akamsaidia kuzitafuta nyumba nzima, anainua hadi godoro. Aliyemtoa huko alikuwa Fundi Mkuu wa hiyo karakana, mtu aliyewahi kuwa hivyo hivyo zamani. Alimpeleka kwenye kikundi cha walevi wanaopona, kilichokutana jioni katika darasa la chekechea, wanaume wazima na matumbo yao wamekalia viti vya watoto, magoti yamewafika kifuani. Akawa mlezi wake wa hatua zote kumi na mbili za kupona. Akamtafutia kazi palepale anapofanya kazi yeye. Akamfundisha kukata kioo.

Tena hakumfundisha kioo peke yake. Fundi Mkuu alikuwa na usemi wake aliokuwa akiurudia kila siku mpaka ukazoeleka kama salamu: kikao ni cha saa moja, hizo saa nyingine utaponea wapi? Kwa hiyo Kosa Langu akajifunza kuponea kila mahali. Asubuhi, kabla hajaweka mguu chini, alikaa ukingoni mwa kitanda akamwomba Mungu siku ile moja tu. Akipandwa na hasira kazini, alitoka nje akampigia simu mlezi wake, hata kama mlezi mwenyewe yuko upande wa pili wa ukuta. Jioni alikaa na mkewe kwenye kizingiti cha jikoni wakaipitia siku nzima, kamwumiza nani, wapi kadanganya, nini akarekebishe kesho. Na akikosea, alitakiwa akiri hapohapo, bila kusubiri kushikwa. Hilo la mwisho ndilo lililompa jina. Alilishika kwa mikono miwili. Mtu akidondosha nyundo tu, yeye tayari kashasema, "Kosa langu."

Sasa, ile karakana ilikuwa na utaratibu wake. Mwenye karakana, mama mmoja mjane ambaye wote walimwita Mama, hakuamini namba. Alikwisha kutiwa hasara na watu waliosoma sita ikawa tisa, akaapa. Kwake kipimo kilikuwa ufito. Anayekwenda kupima anachukua mbao nyembamba, anaikata palepale mlangoni au dirishani kwa kadiri ya kioo kinachotakiwa, ufito mmoja wa urefu na mmoja wa upana, anarudi nazo, anazitundika msumarini pale stoo. Mkataji anaulaza ufito juu ya kioo, anaichovya almasi yake, kile kikatio chenye ncha ya almasi, kwenye mafuta ya taa, anakata. Kioo kikishafungwa mahali pake, fito zinakwenda kuwasha jiko la chai.

Kupima ilikuwa kazi ya Fundi Mkuu, shemeji yake Mama. Kukata, kazi ya Kosa Langu, na alikuwa ameipata kwa jasho. Mikono iliyokuwa ikimwaga chai nusu kikombe sasa ilikuwa inapitisha almasi kutoka ncha hadi ncha bila kusita. Siku mkewe alipopita pale kumletea chakula, akasimama mlangoni akaitazama ile mikono, kisha akaondoka bila kuaga. Jioni akamwambia kwamba alikuwa analia.

Hasara ilikuja na mlango wa duka la dawa. Ulikuwa mlango wa kioo kigumu, kile ambacho kwanza hukatwa, kisha hupelekwa kupikwa kwenye tanuru, na kikishapikwa hakikatwi tena milele. Ukikosea, umekwisha. Kioo kilikatwa, kikapikwa, kikarudi kinang'aa. Fundi Mkuu akaondoka nacho na wafungaji. Mchana akarudi kabla yao, uso umemsawijika, akapita moja kwa moja hadi stoo kisha akaenda kumwita Mama. Kioo hakienei. Upana wake umepungua vidole viwili.

Wafungaji walipokishusha, Mama alikuwa tayari amesimama pale. Fundi Mkuu akautungua ufito wa upana msumarini, akaulaza juu ya kioo mbele ya watu wote. Ufito ulizidi. Vidole viwili, kama alivyosema.

Macho yote yakamgeukia mkataji. Na yeye, jamani, hata hakutazama. Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Kosa langu, Mama."

Hakuna aliyecheka safari hii. Fundi Mkuu akamwekea mkono begani, akawaambia wote, sauti imelainika, kwamba hivyo ndivyo mtu anayepona anavyokuwa, hakimbii, hajifichi, na wangapi pale wangeweza? Kosa Langu akahisi joto kifuani. Alisifiwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu aache pombe, na kusema kweli, alifurahi.

Furaha ile haikufika jioni. Mama alimnyang'anya almasi. Kuanzia siku hiyo atafagia na kufuta vioo kwa spiriti, na mwisho wa mwezi atamwambia kama abaki au aende. Kwa hiyo akatoka kwenye meza ya kukatia akakabidhiwa matambara na chupa ya spiriti. Mlevi, kutwa nzima, na chupa mkononi. Hakuna aliyefikiria, au kama alifikiria hakusema.

Nyumbani mkewe alimpokea mlangoni kama kawaida. Siku zote alikuwa anamnusa kidogo akijifanya anampokea mfuko. Siku ile shati lilinuka spiriti. Akarudi nyuma hatua moja.

"Umekunywa?"

Akamweleza. Mke alisikiliza hadi mwisho, akasema sawa. Lakini usiku ule kwenye kizingiti hakuja kukaa. Alisema ana nguo za kukunja, na Kosa Langu alimsikia ndani akifungua kabati la nguo zake mwenyewe na kulifunga. Mke alikwisha kuondoka mara moja na watoto, akarudi kwa shida. Alikuwa amemwambia wazi, bila kugomba, kwamba hatarudi mara ya pili.

Kosa Langu akaketi peke yake akaipitia siku. Na hapo ndipo mambo yalipokataa. Kila kosa alilowahi kukiri, aliweza kuliona, hapa nilikasirika, hapa nilikuwa na haraka. Hili hakuliona. Aliikumbuka ile asubuhi ya kukata, akaukumbuka ufito, akakumbuka hata sauti ya kioo kilivyoachana. Kila kitu kilikuwa shwari. Basi kama kilikuwa shwari na kioo kikatoka kibaya, maana yake ni moja tu: pombe imeshakula ubongo. Anaona visivyokuwepo. Hofu ikamwingia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kiu ya pombe ikamshika.

Akampigia mlezi wake. Akamwambia kila kitu, kwamba anaogopa, kwamba siku nyingine asubuhi mikono bado inamtetemeka kidogo na hajamwambia mtu, hata mkewe. Fundi Mkuu akamsikiliza kwa upole. Akamwambia apokee, anyenyekee, asichunguze sana. Kujitetea, alisema, ndiko kunakowarudisha watu kwenye chupa.

Akapokea. Akafagia. Akafuta vioo huku amegeuza pua pembeni. Mpiga msasa aliacha kumtania, na hilo lilimuuma kuliko utani wenyewe.

Siku moja asubuhi Mama akamwambia akusanye fito za kazi zilizokwisha azipeleke jikoni. Akazitungua msumarini, akazikumbatia. Njiani mmoja ukateleza, ukaanguka. Akauokota, akautazama. Ulikuwa ule ufito wa upana wa duka la dawa, una alama ya Fundi Mkuu ubavuni. Mweupe, msafi, kama umetoka dukani.

Akasimama palepale uani. Akazitazama nyingine. Zote alizowahi kukatia zilikuwa nyeusi kwenye ncha, kwa sababu almasi inachovywa mafuta ya taa, nayo hushika vumbi yakawa meusi, na mafuta hayamwachi mtu. Yanakaa kwenye vidole, kwenye meza, kwenye ncha ya ufito pale almasi inapogusa. Hata wa urefu wa mlango huohuo ulikuwa na ncha nyeusi. Huu mmoja tu ndio haukuwa nayo. Akaunusa. Ulinuka mbao tu.

Ufito huu hajawahi kuutumia. Sasa ule alioutumia uko wapi?

Hakuhangaika sana kuutafuta, kwa kuwa alimjua mlezi wake. Fundi Mkuu hakutupa kitu. Alikuwa mtu wa kunyoosha misumari iliyopinda, wa kuhifadhi kamba za viroba. Mbao nzima angeivunja kwa roho gani? Akazunguka. Dirisha la chooni, lile linaloinuliwa juu na kuegemezwa kijiti, lilikuwa na kijiti kipya. Ncha yake nyeusi. Alama ileile ubavuni. Akaushusha, dirisha likajibamiza. Akaenda nao hadi kwenye kile kioo kilichoharibika, kimeegemezwa ukutani nyuma ya stoo, akaulaza juu yake.

Ulienea. Ncha kwa ncha. Kioo alikikata sawasawa kabisa, mikono yake haikuwa na kosa, ubongo wake mzima. Kipimo ndicho kilichokuwa kibaya, na mpimaji alijua, na akaenda kukata ufito mwingine akautundika msumarini ili mkataji aonekane ndiye aliyekosea.

Akaketi chini, juu ya vipande vya mbao. Angepaswa kufurahi, sivyo? Mtu aliyedhani anapata wazimu amegundua ana akili timamu. Lakini alichohisi ni kuuzwa. Angeuzwa na mtu mwingine yeyote angestahimili, mlevi ameshauzwa na wengi na ameuza wengi. Huyu alimwosha matapishi. Huyu ndiye aliyemwambia kwamba kweli inaponya, na siku ile mkono wake begani ulikuwa na uzito uleule na joto lilelile, huku anamkaanga.

Alimkuta nyuma ya karakana akinyoosha misumari. Akamwonyesha fito zote mbili. Fundi Mkuu aliziangalia, nyundo mkononi, kisha akaketi. Alisema alikosea kupima, alikuwa na haraka. Alisema alitaka kusema.

"Nilikuwa nafungua mdomo, mdogo wangu. Ukanitangulia."

"Na ufito mpya ulikuwa umeukata kabla sijasema kitu."

 Fundi Mkuu akatazama misumari yake. Alipozungumza tena ilikuwa kwa sauti ileile ya vikaoni, ile iliyowahi kumtoa Kosa Langu machozi. Alisema yeye ana miaka mingi bila kugusa tone. Kikundi kizima kinamtazama yeye. Jina lake likichafuka, wangapi wataanguka?

"Wewe watu wanakutarajia ukosee," akasema. "Kwako ni kosa moja zaidi. Kwangu mimi ni kila kitu." Kisha akaongeza, bila kumtazama usoni, "Na tunajuana mengi mimi na wewe. Uliyoniambia yote ninayo hapa kifuani. Tusifike huko."

Kosa Langu aliondoka. Alikuwa amempa mtu yule aibu zake zote, moja baada ya moja, kwa alasiri nzima, kwa sababu aliambiwa hivyo ndivyo mtu anavyowekwa huru. Kumbe alikuwa anamwekea silaha.

Akarudi kwenye vioo vyake. Chupa ya spiriti ilikuwa pale, imejaa. Akaifungua ili aloweshe tambara, na mkono ukabaki na chupa hewani. Alijua ni sumu. Alijua pia kwamba zamani hilo halikumzuia. Na aliona wazi jinsi siku hiyo ingekwenda: atakunywa, atapatikana, Fundi Mkuu atatikisa kichwa kwa masikitiko, na uongo wote utakuwa kweli. Wazo hilo la mwisho ndilo lililomkasirisha kiasi cha kuimimina spiriti kwenye tambara na kufuta kioo mpaka kikalia.

Huku anafuta, akajiuliza swali alilofundishwa na mtu yuleyule: upande wangu mimi uko wapi katika haya? Alitamani jibu liwe kwamba haupo. Lakini ulikuwepo. Alikiri kitu asichokitazama. Alisema "kosa langu" jinsi zamani alivyokuwa akisema "nipe moja ya mwisho", mdomo mbele, akili nyuma. Na aliposifiwa alionja utamu akataka zaidi. Amemdanganya Mama mbele ya watu, amemdanganya mkewe, na uongo ni uongo hata ukiusema umeinamisha kichwa. Na uongo, aliambiwa, unarekebishwa hapohapo.

Akatupa tambara. Akachukua fito zake akaenda kwenye meza ya kukatia, ambako Mama alikuwa amesimama na mafundi wote wapo, Fundi Mkuu naye akiingia nyuma yake.

"Mama, nimekuja kurekebisha neno nililosema," akaanza. "Nilisema kioo cha duka la dawa ni kosa langu. Sikuwa nimehakikisha. Nilikuambia uongo. Kioo nilikikata sawa na ufito niliopewa. Ni huu."

Mama akaupokea ule mweusi, akaupokea na ule mweupe. Mwanamke yule alikuwa ameishi na vioo tangu anaolewa, hakuhitaji maelezo marefu. Akaipapasa ncha moja, akajinusa kidole. Akaipapasa nyingine, akajinusa tena. Kisha akauliza kwa utulivu, nani alileta ufito wa pili.

"Mimi nazungumzia upande wangu tu, Mama," akasema Kosa Langu.

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kwa Fundi Mkuu, wazi kabisa, angepita tu. Na Kosa Langu, pamoja na yote, alimwombea. Kweli kabisa, alisimama pale akimwombea kimoyomoyo mtu yule aseme maneno mawili aliyomfundisha yeye.

Fundi Mkuu akashusha pumzi. "Mama, huyu ni mgonjwa, tumhurumie," akasema. "Mimi ndiye ninayekaa naye kwenye vikao vya walevi. Aliniambia mwenyewe kwa simu, mikono bado inamtetemeka asubuhi, hata mkewe hajui. Fito ameshachanganya huyu, wala hakumbuki."

Yaani pale pale, mbele ya mpiga msasa, mbele ya wafungaji. Lile la mikono, aliloliogopa kuliko yote, lililotoka kwake siku ile anazama. Kosa Langu aliitazama mikono yake. Wote waliitazama. Ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyelala.

Mama hakumjibu shemeji yake, maana Fundi Mkuu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na hilo nalo lilikuwa na uzito wake. Aliuvunja ule ufito mweupe kwenye goti, vipande viwili, akavitupa chini. Akafungua droo, akatoa almasi, akaiweka mezani mbele ya Kosa Langu. Akamwambia kuna kioo cha dirisha la jikoni la mteja kinasubiri kukatwa. Kwa Fundi Mkuu alisema tu kwamba kuanzia leo akienda kupima waende wawili. Hakumfukuza. Hakumtaka hata aombe radhi. Na mafundi wakarudi kwenye kazi zao, bila mtu kuuliza zaidi.

Jioni kulikuwa na kikao. Kosa Langu alikwenda, akapanga vile viti vidogo kama alivyozoea. Fundi Mkuu alisimama mbele akazungumza juu ya ukweli, vizuri, watu wakafuta machozi. Kilichosemwa ndani ya chumba kile kilibaki mle, hiyo ndiyo sheria, na Kosa Langu aliishika ingawa yeye alikuwa amevunjiwa. Zamu yake ilipofika alisema jambo moja tu: anatafuta mlezi mwingine. Watu waligeuka kumtazama kwa mshangao, wengine kwa lawama, kama mtoto asiye na shukrani. Akaketi.

Mkewe alimpokea mfuko mlangoni, akamnusa. Mafuta ya taa. Akaitazama mikono, akaona weusi kwenye kucha, na uso wake ukafunguka. Alipomaliza kupakua akaja mwenyewe kukaa kwenye kizingiti, bega kwa bega.

"Haya," akasema. "Leo umekosa nini?"

Akamwambia kwanza habari ya mikono, kwamba asubuhi nyingine inatetemeka na alimficha. Mke akasema alikuwa anaiona siku zote, akadhani ni yeye ndiye hatakiwi kujua. Kisha akamsimulia mengine yote. Mke alisikiliza bila kumkatiza, mpaka mwisho.

"Hilo kosa ni lake," akasema.

"Kosa ni lake. Chuki ni yangu. Namchukia kwelikweli."

Na chuki, alifundishwa, mlevi halali nayo. Anampigia mtu simu usiku huohuo kabla haijawa kiu. Akatoa simu mfukoni. Kidole gumba kikaanza kubonyeza chenyewe, namba ile anayoijua gizani, namba iliyomwokoa mara nyingi, na ilipokaribia kuita ndipo akaona ni ya nani.

Akaikata. Akabaki ameishika, uso umemlegea kama mtu aliyefika nyumbani akakuta wamehama. Baadaye akamwekea mkewe simu mapajani.

"Nifutie wewe," akasema. "Mimi mkono unakataa."

Mke akaichukua, akaifuta ile namba. Kisha akaanza kutafuta kwenye orodha jina la mtu mwingine wa kikundi, akimsomea moja moja, naye akisema huyu hapana, huyu hapana, mpaka wakafika kwa mmoja ambaye hawakumjua vizuri. Wakampigia huyo.